Kwa Rukia, Anayerudi Kusomea Meno

Mwanangu Rukia,

Mama yako yuko chumbani anafunga mzigo wako, na kila akimaliza kufunga anakumbuka kitu, anafungua tena. Nasikia anakueleza habari za blanketi, za baridi ya Nairobi, za kutolala na dirisha wazi. Hayo nimemwachia yeye. Mimi nimekaa huku sebuleni na kalamu niliyoazima kwa mdogo wako, kwa sababu kuna maneno ambayo nikiyasema kwa mdomo nitakohoa, nitageuza uso, na mwisho nitakuuliza kama umekula. Unanijua.

Kesho unaondoka kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilikusindikiza kwa kelele. Kila mteja aliyekalia kiti changu cha kinyozi alinyolewa huku akisikia kwamba binti yangu anakwenda kusomea udaktari wa meno, akitaka asitake. Safari hii sina kelele. Nina shukrani, na nina jambo la kukueleza, kwa kuwa mengi ya haya uliyapitia wewe, lakini upande wangu hujausikia.

Ulikuwa na miaka mitano ulipoanguka. Ulikuwa unamkimbiza mwana-mbuzi nyuma ya nyumba, kwenye kile kichaka cha mathenge, na mwiba ukaingia jicho la kushoto. Nilikubeba siku ile ile. Madaktari wa macho huko Pwani walifanya walichoweza, na yule mkubwa wao akaniita kando akasema, "Jicho litabaki, mzee, lakini kuona kumeshakwenda." Ndivyo ilivyokuwa. Jicho lilibaki zuri, jeusi, linageuka pamoja na mwenzake, na mgeni hawezi kujua.

Watu walikuja kutupa pole, na kila mmoja alitaka tumpate wa kumlaumu: mama yako, jirani, hata mwana-mbuzi mwenyewe. Sikumlaumu mtu. Kosa langu nililifanya baadaye, na halikuonekana kama kosa. Nilianza kukufanyia kila kitu. Nilikukatia nyama, nikakumiminia chai, nikakubeba kuvuka mtaro ambao watoto wadogo kuliko wewe waliuruka wakicheka. Daktari alikuwa amenieleza kwamba jicho moja linaona sura na rangi, lakini halimwambii mtu sawasawa kitu kiko mbali kiasi gani. Na kweli, nilikuwa nikiona mkono wako unafumba hewa kabla haujafika kwenye kikombe. Kila nikiona hivyo moyo wangu unakatika, nainuka, nakupa kikombe mkononi.

Aliyenizuia ni mama yangu. Tulikwenda kwake Kipini likizo ile uliyokuwa darasa la kwanza, na asubuhi ya kwanza tu akakupa birika uwamiminie watu chai. Ukamimina mkekani. Nikainuka.

"Keti, Athmani," akaniambia. "Chai si damu. Ikimwagika itapanguswa." Kisha akakuita wewe. "Ndoo hapa, mjukuu wangu. Gusisha mdomo wa birika kwenye mdomo wa kikombe kwanza. Ukishasikia vimegusana, ndipo umimine."

Ukagusisha, ukasikia, ukamimina. Siku zile mkeka wa mama ulinuka tangawizi kutwa, na mimi nilikaa na mikono yangu mapajani kama mtu aliyefungwa. Tulipoondoka ulikuwa unawamiminia wageni, nao hawajui kama kuna la kutazama. Mungu amrehemu mama yangu. Mimi nilikupenda kwa hofu, na yeye ndiye aliyenionyesha kwamba hofu yangu ilikuwa imeanza kukulemaza kuliko mwiba.

Ungedhani nimejifunza. Lakini mtu hujifunza jambo Kipini akalisahau huku kwetu Garsen.

Unamkumbuka yule mzee Muorma aliyeshuka na lori la ng'ombe kutoka Bangale? Ulikuwa kidato cha tatu, umeniletea chakula dukani. Akaingia na shuka amejifunga kichwani, shavu limevimba mpaka jicho limefumba. Akakaa kwenye kiti bila kuulizwa.

"Wewe kinyozi," akasema. "Toa hii jino. Mimi nimechoka."

Nikaenda kutafuta koleo. Naandika hili nikiona haya, lakini ni kweli: nilikuwa nimewahi kuwang'olea watu meno pale dukani, wale waliokuwa wakiogopa hospitali. Nilikuwa na macho mawili, na mkono wenye nguvu, na nilidhani hivyo vinatosha.

"Baba," ukasema, "utang'oa lipi?"

"Linalouma."

"Yeye anasema shavu lote linauma."

Ukawasha tochi ya simu, ukamwambia mzee afungue mdomo, kwa Kiorma kile ulichokiokota kwa wenzako wa shule. Ulitazama kwa muda mrefu. Uligeuza kichwa huku, ukageuza kule, kama ndege. Mimi nikadhani unatafuta jino. Siku hizi najua ulikuwa unatafuta kina. Kisha ukasema kuna usaha, na kwamba tukivuta pale tunaweza kumuua mtu wa watu, twende hospitali.

Huko hospitali mzee alikataa kumfungulia Daktari Rehema wa meno mdomo mpaka wewe usimame karibu. Ndivyo ulivyoingia chumba kile kwa mara ya kwanza, ukiwa mkalimani. Mimi nilibaki nje kwenye benchi na lile koleo bado liko mfukoni, nikiomba asilione mtu. Mzee alipotoka, nusu ya uso wake imeingia ganzi, anacheka upande mmoja. "Msichana hii," akaniambia akikuonyesha kidole, "hii ni daktari. Wewe nyoa tu."

Tukashika njia ya kurudi. Karibu na soko ukasema, "Baba, nataka kazi ile." Nikacheka. Nilikuona umeinamisha uso, nawe ukadhani nakudharau. Sikukudharau. Niliogopa, na mimi nikiogopa hucheka.

Ukasoma. Ukafaulu. Chuo kikakuita. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo limenifanya niazime kalamu leo.

Pale stendi, basi limeshawasha injini, nilikuvuta kando nikakuambia, "Habari ya jicho usiwaambie. Linaonekana zima. Ukisema tu, watakufungia mlango."

"Na wakiniuliza kama naona?"

"Sema unaona. Si unaona?"

Ulinitazama, ukaitikia, kwa sababu nilikulea uniitikie. Mimi nikarudi dukani nikijiona mwerevu, baba aliyempa mtoto ufunguo.

Muhula haujaisha, nikakuona umesimama mlangoni pa duka na sanduku lako. Mteja alikuwa na povu nusu ya uso. Nikakuuliza kuna nini, ukasema, "Nimechoka, Baba," ukapita kwenda nyumbani. Ulikaa ndani. Ulifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Mimi sikukuuliza, nilimtuma mama yako akuulize, naye akaniletea habari kidogo kidogo, kila jioni kipande.

Kwamba mlikuwa mnajifunza kutoboa meno ya plastiki yaliyotiwa kwenye kichwa cha bandia. Kwamba mashine yako ilipita jino bovu ikaingia la jirani, zima. Kwamba mwalimu alikuuliza, "Unaona vizuri?" ukasema ndiyo. Ikatokea tena, akauliza tena, ukasema ndiyo. Mara nyingine ukasema hukulala vizuri. Mwisho akakuambia mbele ya wenzako kwamba huna makini, na kazi hii haimtaki mtu asiye na makini.

Wewe! Wewe uliyejifunza kumimina chai kwa kusikiliza kikombe. Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu mwalimu yule hakukuonea. Alikuhukumu kwa majibu aliyopewa, na majibu yale yalitoka kwangu.

Mama yako hakunipigia kelele. Alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua uso, "Umempeleka mtoto akasomee vinywa vya watu, chake ukakifunga."

Kesho yake nilifunga duka nikaenda kwa Daktari Rehema. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya koleo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu wake anajua habari ya jicho?"

"Hajui."

"Basi bado hajamfundisha Rukia," akasema. "Alikuwa akimfundisha mtu mwingine mwenye macho mawili, ambaye hayupo."

Nikamuuliza kama utaweza. Nilitaka aseme ndiyo. Nilikuwa nimevaa shati la Ijumaa kwa ajili ya ile ndiyo. Hakusema. "Sijui, Baba Rukia. Wako wa jicho moja walioweza na wako walioshindwa. Mwambie aje jioni wagonjwa wakishaondoka, tutazame. Aje na taya la mbuzi."

Ndivyo maisha yangu na mchinjaji yalivyoanza. Kila siku napita buchani, nakabidhiwa mataya yamefungwa gazetini, na paka wa mtaa mzima wananifuata mpaka nyumbani. Msikitini wakaanza kuniuliza kama siku hizi tunakula vichwa tu. Niliwaambia binti yangu anawatibu mbuzi meno. Walicheka, nami nikacheka, na safari hii haikuwa hofu.

Ulikuwa ukirudi na yale mataya yameharibika vibaya. Lakini ulikuwa ukinieleza, nami nilikuwa nikisikiliza kama mwanafunzi. Kwamba unafundishwa kutuliza kidole cha pete juu ya jino la jirani kabla chombo hakijasogea, mkono upate mahali pa kusimama. Kwamba unagusa jino kwanza, mashine imezimwa, ndipo unaiwasha. Kwamba taa ikija ubavuni, kivuli kinakuambia shimo limefika wapi. Siku moja ulikatiza maneno yako ukaniangalia mkono. "Baba, wewe hufanya hivi hivi na wembe. Kidole chako cha mwisho hukaa kwenye shavu la mtu." Nikautazama mkono wangu. Miaka yote ile sikuwa najua kama nafanya hivyo. Nilishinda na furaha ile siku nzima, nikimnyoa mtu nasimama kidogo kukitazama kidole.

Halafu ikaja jioni uliyoweka taya la mbuzi juu ya meza ya chakula. Mama yako akasema, "Ondoa maiti mezani pangu." Kisha akainama. Kwenye gego kulikuwa na tundu dogo, safi, limesimama katikati, na meno ya pande zote mbili hayajaguswa hata mkwaruzo. Akaendelea kuinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama jino. Alipoinuka alikuwa analia, na akalisogeza lile taya mwenyewe, polepole, kwa mikono miwili.

Mimi ndiye niliyerudi kwenye hofu. Nikakuuliza, "Na siku ukiwa na mtu aliye hai?"

Jibu lako nalikumbuka neno kwa neno. "Kama siwezi, Baba, nataka niwe wa kwanza kujua. Sitaki mgonjwa ajue kabla yangu."

Nilikuwa nikidhani ujasiri ni kuingia ndani kwa mlango wowote. Nilikuwa na umri wa kuitwa babu uliponifundisha vingine.

Ukampigia mwalimu simu mbele yetu, sauti imefunguliwa. "Mwalimu, nilikudanganya. Jicho langu la kushoto halioni tangu utotoni." Nilisikia honi za magari ya Nairobi mle ndani ya simu. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Ukanitazama. Nikajua sasa unanitaja, na nikaona ni haki yako. Ukasema, "Niliogopa."

Neno hilo lilikuwa langu, Rukia, nawe ukalibeba. Sikukushukuru siku ile. Nakushukuru leo. Lakini nakuomba usilibebe tena. Mtu akikuuliza huko, mwambie baba yako ndiye aliyekushauri vibaya, na kwamba amekubali jina lake litajwe.

Mwalimu akasema uende wakakutazame. Ukaenda, wakakupima macho, wakakukalisha mbele ya kile kichwa cha bandia, na siku uliyonipigia simu kunipa majibu nilikuwa namnyoa mtoto wa watu. Ilibidi niweke mashine chini. Wamekubali urudi uanze upya. Watakupa miwani ya kukuza, utafanya mazoezi kuliko wenzako, na kabla hujapewa mgonjwa watakupima peke yako. Ukishindwa hapo, watakutafutia kazi nyingine katika fani hiyo hiyo: kutengeneza meno ya bandia, au kuwafundisha watoto mashuleni kutunza vinywa vyao. Hawakukuficha kitu, kama nawe hukuwaficha.

Kwa hiyo nakwenda kulala nikijua kwamba neno "hapana" bado lipo. Zamani lingenikosesha usingizi. Sasa naona hivi: ukiambiwa hapana na watu waliokuona kwa ukweli wako, rudi mchana, rudi na sanduku lako wazi wazi, nami nitafunga duka nije kukupokea kwa kelele zile zile za mara ya kwanza. Safari hii sitamtuma mama yako; nitakuuliza mwenyewe. Na ukiambiwa ndiyo, itakuwa ndiyo yako, si ile niliyokutilia mfukoni.

Sina mawaidha mengi. Nilipokuwa nakulea nilidhani kazi yangu ni kuhakikisha hugongi kitu. Umegonga vingi, vingine kwa sababu yangu, na umekuwa mtu ninayependa kukaa naye. Namshukuru Mungu kwa birika la mama yangu, kwa Daktari Rehema ambaye hakuniambia nililotaka kusikia, kwa mchinjaji, kwa yule mzee wa Bangale popote alipo na meno yaliyobaki. Nakushukuru wewe kwa kurudi nyumbani ulipochoka badala ya kwenda mahali pengine. Si kila mtoto anayerudi kwa baba aliyempoteza njia.

Nimalizie na leo alasiri, maana sijakuambia kwa nini nilinyamaza vile.

Ulikuja dukani kuaga. Ukaniambia nikalie kiti cha wateja, mimi ambaye tangu nikinunue sijawahi kukikalia mtu akinishughulikia. Ukanawa mikono, ukaninyanyua kidevu, ukatoa kile kioo kidogo alichokupa Daktari Rehema. Kabla ya lolote kidole chako kikatua juu ya meno yangu ya chini, kikatulia. Nilikuwa natazama dari ya duka langu nikawaza kwamba wateja wangu huiona kila siku na mimi sijui kama ina nyufa.

"Baba, una tundu hapa. Gego la juu, la nyuma. Huwa halikuumi?"

Halijawahi kuniuma. Lakini niliposikia moyo wangu ulijaa. Nikaona Mungu amenipangia. Nikakuambia, "Basi nalitunza. Siku utakayomaliza masomo, liwe jino la kwanza kuziba. La baba yako."

Nilitegemea utafurahi. Binti yeyote angefurahi. Wewe ukatikisa kichwa.

"Hapana, Baba. Likingoja mpaka nimalize litaoza lote. Nenda kwa Daktari Rehema Jumatatu."

"Lakini nataka wewe."

"Najua," ukasema, ukifuta kioo. "Nenda Jumatatu."

Sikujibu, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa natazama mtu aliyekataa heshima yake mwenyewe kwa ajili ya jino la mgonjwa, na nilikuwa natafuta jina la mtu wa namna hiyo, nikaona lile ulilokwenda kulisomea.

Jumatatu nitakwenda.

Baba yako,
Athmani